Wifi Nyanjige na Ukoo wa Mbwa Wake

Martha wa jumuiya yetu ananisumbua tangu mavuno niandike habari za Nyanjige. Nimemwambia kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, na mkono wangu umezoea jembe. Halafu habari zenyewe kila mtu Bariadi anasema anazijua. Hawazijui. Wanajua tu kwamba ana mbwa. Basi naandika, na Martha asinirekebishe maneno.

Nyanjige ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Aliolewa Migato, akakaa bila kupata mtoto, wakamrudisha. Alirudi kwa miguu, mzigo kichwani, mbwa jike nyuma yake. Mbwa huyo alikuwa na mtoto mmoja mdogo asiyeweza safari, Nyanjige akamwacha kulekule. Baba yao alikuwa bado hai, akampa ng'ombe wachache na mahali pa kujenga. Baba alipokufa, kaka zake, mume wangu akiwemo, wakaanza kusema mwanamke peke yake hawezi kulinda zizi. Walikuwa wanangoja fisi ale ndama, wapate neno la kuhamishia ng'ombe kwao.

Fisi hakula. Sababu ni yule jike, na baadaye binti yake, na baadaye binti wa binti, aliyeitwa Nipo. Mbwa wa kwetu wengi hubweka huku wanarudi nyuma. Wa Nyanjige walizunguka zizi kimya, kisha wakalala upande ule upepo unakoelekea, maana fisi huja kutoka huko akifuata harufu. Nimeona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Sasa Nipo alikuwa anazeeka. Nyanjige aliona amebakiza uzao mmoja tu. Akikosea dume, ukoo umekwisha, na zizi litafuata.

Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoacha kununua pamba peke yake, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao. Januarius alifungua ghala Dutwa, akaweka dume moja kubwa, shingo nene, akaliita Bosi. Alisema amelitoa Arusha, lina damu ya kizungu. Watu wakapeleka majike yao kutoka kila kijiji.

Nikamwambia, "Wifi, mpeleke Nipo kwa Bosi, umalize."

Akaenda, lakini Nipo akamwacha nyumbani. Alikaa kivulini mchana kutwa akitazama. Bosi akazunguka marobota ya pamba, kisha akalala upande upepo unakoelekea.

"Mwanangu," Nyanjige akamwambia Januarius, "huyu si wa Arusha."

"Mayu," akajibu, kama mtu amwitavyo mama, "unamjua mbwa wangu kuliko mimi?"

"Bado sijamjua. Ulimpata kwa nani?"

Januarius akacheka mpaka mpimaji wa mizani naye akacheka. "Kumbe mbwa ana ukoo? Niite wajomba zake waje wadai mahari?"

"Waite. Nimekaa."

Alikaa kweli. Jioni Januarius akachoka, akasema alimnunua kwa Masalu, fundi baiskeli wa hapohapo Dutwa. Arusha ilikuwa ya kuwavutia wateja.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Hapa mbwa hupewa jina la neno usiloweza kumwambia jirani. Umegombana naye, umepata mbwa, unamwita Wanasema Sana, na kila asubuhi unamwita kwa sauti karibu na ua wa yule jirani. Nani atakushitaki? Unaita mbwa wako. Mbwa akihamia nyumba nyingine, mwenye nyumba naye ana ugomvi wake, anampa jina jipya, na mama wa mbwa anapotea hapo. Jirani yetu Maganga aliwahi kupandisha Wivu Wao na Tutaonana akidhani ni wageni, kumbe ni wa tumbo moja. Watoto walikufa, aliyebaki akawa kiziwi.

Kwa hiyo Nyanjige hakumuuliza Masalu jina. Alimuuliza, "Huko ulikomtoa, walikuwa wamegombana na nani?"

Masalu akaacha spana. "Mayu, unatafuta mbwa au kesi?"

"Nipe kesi. Mbwa nitampata mwenyewe."

Akasema alimtoa Migato, kwa bibi mmoja anaitwa Monika. Na mama wa mama yake Bosi alikuwa na jina, lakini si la kutamka mbele ya mtu mzima.

"Tamka."

"Hana Mtoto."

Monika ndiye aliyekuwa mama mkwe wa wifi yangu. Nyanjige alirudi nyumbani, akajiandaa kwenda Migato. Nilimwambia asiende, atume mtu. Inawezekana ni mbwa mwingine, walitukanwa wanawake wengi kwenye ua ule. Akasema, "Ndiyo maana naenda. Aliyetumwa ataambiwa lolote." Nikamfuata, maana singekubali aende peke yake.

Tulimkuta Monika uani anakata viazi vya kuanika, michembe, amezeeka.

"Mwadila, mayu," Nyanjige akamsalimu.

"Mwadila. Umekuja kudai nini?"

"Sidai. Naulizia mbwa. Hana Mtoto." Alilisema jina lile bila kushusha sauti, amesimama wima palepale walipomwambia afunge mzigo. "Ni yule niliyemwacha?"

Kisu cha Monika hakikusimama. "Ni yule. Alizaa mpaka tukachoka kugawa."

"Na dume lililochukuliwa na Masalu wa Dutwa?"

"Mjukuu wake."

Basi Bosi na Nipo walikuwa ndugu, damu ya jike lilelile. Nyanjige akashukuru, akageuka. Mimi nilikuwa nimeshafika njiani.

"Ngoja," Monika akasema. "Una zizi la kulinda?"

"Ninalo."

"La kaka zako?"

"La kwangu."

Monika akaita, dume jekundu likatoka nyuma ya jiko. Mama wa dume hilo, akasema, aliletwa na marehemu mume wake Monika pamoja na ng'ombe kutoka Meatu, na damu yake haijachanganyika na ya mbwa wa Nyanjige. "Nenda nalo. Jike likishika mimba, unirudishie."

Nikauliza dume linaitwaje.

"Halina jina. Sina nguvu tena ya kugombana na mtu."

Nipo akazaa vizuri. Jike mmoja akabaki zizini, na kaka zake Nyanjige wakaacha maneno. Mume wangu alifariki bila kuyarudia. Ng'ombe ni wa Nyanjige mpaka leo, na ukimuuliza atakutajia mama za mbwa wake mpaka yule aliyetembea naye kutoka Migato. Sijaona mwanaume wa hapa awezaye hivyo, hata kwa watu wa ukoo wake.

Lakini wale watoto wengine wa Nipo waligawiwa watu. Wamekwenda Dutwa, wengine Nyalikungu, na mmekwisha kuwabadilisha majina. Jike la sasa linataka dume, na hatujui lipi ni ndugu yake. Wewe uliyechukua mtoto wa Nipo, au mtoto wa mtoto wake, njoo nyumbani useme ulimpa jina gani, ulikuwa umegombana na nani, na amezaa na nani. Usionee haya ugomvi wako, hapa tumesikia mengi. Njoo mwenyewe, usitume mtu, na uje kabla ya masika.