Kwa Kaimati Moja ya Nyongeza

Mkono wa mwanamke uliungua katika mafuta ya moto kwa sababu ya mdomo wangu. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma kabla hujanisikia. Jina langu silitaji. Mwoga nilikuwa tangu siku ile, na mwoga ningali.

Mimi ni mama wa Goma, nakaa Mabanga, nauza viatu vya mitumba soko la Birere. Na mimi, jamani, ni mtu wa kula! Sisemi chakula cha mezani. Nasema vile vitu vya njiani: sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kukaanga, mahindi ya kuchoma pale Kibati, jibini ya Masisi wanayouza barabara ya Sake. Nikipanda gari, dereva hajauliza tunasimama wapi, mimi nimeshamwambia. Watoto wangu husema barabara naijua kwa tumbo.

Lakini juu ya vyote nilipenda kaimati za Mama Zaina.

Huyu alikuwa mjane, Mwislamu, watu wake walitoka Maniema. Karai lake la mafuta lilikaa nje ya duka la vitenge, Birere. Anadondosha unga, unavimba, unageuka rangi, anautoa na kuuviringisha kwenye shira ya sukari na iliki. Ukiuma, nje inavunjika, ndani ni laini. Ukinunua tano, ya sita ni nyongeza. Na hiyo ya nyongeza niliipenda kuliko zile nilizolipia! Mtu wa Goma atanielewa. Muuzaji wako asipokupa nyongeza, amekudharau.

Basi siku moja waasi walikuwa wanakaribia mji. Milio ya mabomu ilisikika upande wa Kibati, wateja wangu walikuwa wamekimbia, sikuwa nimeuza hata kandambili. Nikaenda kwa Mama Zaina kujiliwaza. Akanifungia tano kwenye karatasi. Nikabaki nimesimama.

“Na nyongeza yangu?”

“Leo unisamehe, mama. Ya mwisho nilishamupatia ule mutoto.”

Alionyesha kwa kidevu. Pembeni ya ukuta alisimama askari kijana wa serikali, buti kubwa kuliko miguu, analamba vidole. Niliwaka! Nyongeza yangu mimi, mteja wa miaka, ameila huyu ambaye hata hatamwona tena! Niliondoka na hasira yangu hadi kwenye kijiwe cha motari, wale vijana wa pikipiki, nikaimwaga pale.

“Munamujua Zaina wa kaimati? Sasa tumuite bibi ya kapitaine! Bitamu byote ni bya basoda, siye anatupatia makombo.”

Yaani mke wa kapteni, na utamu wote ni wa askari. Vijana walicheka mpaka mmoja akalala juu ya pikipiki yake. Nami nikanogewa, nikatia chumvi: kwamba huyo kapteni huja kwake kunywa chai giza likiingia. Uongo mtupu! Nikasema hivyo juu ya mjane anayelea binti yake peke yake. Nikaenda zangu, moyo umepoa.

Birere jina likimshika mtu halimwachi. Wiki haikuisha nikasikia watoto wa sokoni wanalitumia. “Nenda kwa bibi ya kapitaine, ulete kaimati.” Nilicheka, ndiyo, nilicheka. Niliona nina kipaji.

Kisha waasi wakaingia. Tulilala chini ya vitanda, risasi zikitoboa mabati. Maduka yalivunjwa. Kulipotulia nikatoka, nikapita maiti wawili waliofunikwa kitenge kimoja, hakiwatoshi. Na unajua nilikwenda wapi kwanza? Kanisani? Kwa dada yangu kuuliza kama yu hai? Nilikwenda kutafuta kaimati!

Mama Zaina alikuwepo, binti yake pembeni. Naye alikuwa na tumbo la kujaza na mtoto wa kulisha. Tulikuwa wateja wachache, tunaongea kwa sauti ya chini. Akanipa tano, akanitilia na ya sita. Nilikuwa nimeitia mdomoni waliposimama mbele yetu wanaume watatu wenye bunduki.

“Bibi ya kapitaine ni nani hapa?”

Macho yetu sote yalimwendea, na yangu pia.

“Kapitaine yako iko wapi? Aliacha bunduki kwako?”

“Papa, siko na kapitaine. Mimi ni mujane. Bananiitaka vile kwa muchezo tu.”

“Muchezo ya nani?”

“Sijue, papa. Nilisikia tu watoto banaita.”

Yule mkubwa wao akatugeukia sisi. “Muchezo ya nani? Aseme! Kama hakuna, basi ni kweli.”

Hapo, msomaji wangu. Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu. Neno moja tu: ni yangu, papa, nilikuwa natania. Labda wangenipiga mimi. Labda wangecheka, wakachukua kaimati wakaenda. Wale vijana wa motari hawakuwepo, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Na mdomo wangu ulikuwa umejaa sukari, nikaendelea kutafuna!

Walimpiga kofi akaanguka. Wakampiga kwa kitako cha bunduki begani, na alipojaribu kuinuka wakampiga teke la tumbo. “Bunduki iko wapi?” Hana bunduki, angetoa wapi! Mmoja akamshika kifundo cha mkono wa kuume, ule wa kudondosha unga, akausukuma ndani ya karai.

Sauti ile sitaiandika. Harufu ya ule mkono ilichanganyika na iliki.

Kisha walipindua karai, mafuta yakatapakaa barabarani, wakamchapa fimbo mgongoni mbele ya binti yake, wakaondoka. Mimi nililia. Nililia mpaka nikapiga magoti, na Mama Zaina, amelala chini, alinitazama. Nami nilikuwa nimeshaimeza ile kaimati.

Hakuonekana tena Birere. Waasi walikuja kuondoka, maisha yakarudi, nikasema moyoni Mungu amenifichia siri yangu.

Miaka ikapita, na mlima ukatema moto. Anga likawa jekundu, ardhi ikatetemeka, serikali ikatuambia tutoke mjini. Mabanga nzima ilimwagika barabarani. Nilitembea hadi Sake na watoto na magodoro. Watu walikanyagana. Nilimwona baba mzima anampiga mzee ngumi ili amnyang'anye dumu la maji. Na katika vurugu ile, njaa ikiniuma, nikasikia harufu ya iliki.

Binti yake ndiye alikuwa anadondosha unga. Mama Zaina alikaa pembeni, mkono wa kuume umekunjamana, vidole vimeshikana. Nilitaka kugeuka. Akaniona kwanza.

“Eeh! Mama wa nyongeza! Uko muzima? Kuja, kuja ukae!”

Alinikumbatia kwa mkono ule! Akaniambia hajasahau machozi yangu. “Siku ile bote balikuwa banaangalia tu. Wewe peke yako ulilia.”

Kisha akanieleza. Yule askari wa kaimati alikuwa anapanda Kibati kupigana siku ileile ya nyongeza yangu, akamwambia hajala tangu jana yake. “Nilimupatia moja tu. Sijue kama alirudi.” Na lile jina? Akatema mate. “Ni Aziza, bibi ya kaka yangu. Tulikuwa na ugomvi wa parseli, kiwanja ya nyumba. Njo yeye alinitia lile jina, nilikuja kujua kisha.”

Alimweleza kaka yake, naye akampiga Aziza mpaka meno ya mbele yakatoka. Aziza alikana, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa watoto wake. Akafukuzwa usiku na nguo aliyovaa. Watoto walibaki kwa baba yao, na mdogo kabisa alikuwa bado ananyonya.

Nilifungua mdomo nimwambie, nakuapia nilikuwa nimeufungua! Mama Zaina akadhani nina njaa. Akachagua kaimati kubwa kwa mkono wake wa kushoto, akanitia mdomoni kama mtoto.

“Hii ni nyongeza,” akasema.

Nikala.

Sasa amerudi Birere, na kila nikipita ananiita. Kila mara najitia moyo nitasema leo, na kila mara nachukua nyongeza yangu naondoka. Nyumbani naitapika. Naikasirikia nafsi yangu mpaka najipiga makofi mbele ya kioo, mama mzima! Haisaidii kitu.

Wewe unayependa kumpachika mtu jina ili kijiwe kicheke, ufunge mdomo. Hujui ni nani atakayekuja kuliulizia akiwa na bunduki. Na kama umeshasema, siku wakiuliza ni utani wa nani, jibu, hata kama utapigwa. Majeraha ya kipigo changu yangekuwa yameshapona.

Na wewe kaka mtu, uliyemvunja mkeo meno, ukisomewa haya utajijua. Mtafute. Mrudishie watoto wake, mpigie magoti. Aziza hakusema kitu. Nilisema mimi, kwa sababu ya kaimati moja.