Darasa la Kuazima

Mwalimu wa darasa la tatu alipoitwa ofisini na kumkuta kijana mwembamba wa chuo cha ualimu, tai imemkaba shingo, nguvu zilimwishia.

"Mkuu, mimi tena?"

"Si wewe ndiye unayewaweza?" mwalimu mkuu akacheka.

Ndiyo shukrani ya kujua kazi, unaongezewa kazi. Alikwisha kuwalea wanachuo mpaka sura zao zikamchanganya. Jioni, akiloweka miguu kwenye beseni, mumewe alimtania, "Umepewa mwingine? Basi tuandike mlangoni, chuo."

"Andika na bei," akajibu, macho kayafumba.

Kijana alikuwa na bidii, sauti ndiyo hakuna. Alifundisha huku akiutazama ubao kama anauomba radhi. Mama wa watu alikaa kiti cha nyuma akisahihisha madaftari. Darasa likianza kuchemka, anakohoa. Mara moja tu, na watoto wote kimya, kama wamemwagiwa maji. Kijana hakuwahi kushtukia jambo.

"Mama, wameshanizoea!"

"Haya, baba," alisema. Kumweleza kulitaka nguvu, na nguvu zenyewe ziliishia kwenye madaftari.

Ndipo mkufunzi akaja kutoka chuoni kumpima kijana. Akifaulu, anamaliza. Akishindwa, anarudia muhula mzima, shuleni hapo hapo, kwa mwalimu yule yule.

"Mwalimu, leo tuachie darasa," mkufunzi akasema. "Wewe kaa nje."

Akakaa barazani, chini ya dirisha. Kelele hazikuchelewa. Dawati likaburutwa. Mmoja akabweka kama mbwa, wenzake wakamjibu. Kijana akasema, "Jamani, tafadhali," na "tafadhali" yenyewe ikazama.

Kikohozi kilimpanda kooni. Kimoja tu kingetosha: kijana angepita, naye angepumzika muhula ujao, miguu juu. Lakini mwakani kijana angepewa watoto wake peke yake, na huko nani wa kumkoholea? Akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamlenga.

Mkufunzi alipotoka alitikisa kichwa. "Arudie."

Kijana akaja kukaa karibu naye, tai mkononi. "Mama, wamenigeuka."

"Hawajakugeuka. Hawajawahi kuwa wako. Mimi ndiye niliyekuwa nawanyamazisha kule nyuma, nikakuacha ujione umeiva. Uvivu wangu huo."

Kijana akaizungusha tai kiganjani. "Sasa?"

"Sasa Jumatatu unaingia peke yako. Mimi nakaa ofisini."

"Wakinishinda?"

"Watakushinda. Na Jumanne watakushinda. Ukitoka unakuja kunieleza nani kafanya nini, na wewe ulifanya nini, tunaanza upya."

"Mama umechoka, naona."

"Nimechoka sana," akasema, akijikongoja kuinuka. "Nenda kawatoe watoto, kengele imelia zamani."

Kijana akaingia. Yeye akabaki kaegemea ukuta, akisikiliza.