Ufa Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mlango wa chumba cha mama ulianza kugoma kufunga wiki ya pili ya masika. Niliupiga randa, ukafunga siku mbili, ukagoma tena. Nikajiambia ni mbao zimevimba kwa unyevu. Mtu aliyesomea uhandisi wa jiolojia miaka minne alipaswa kuwaza jambo jingine mapema, lakini wakati ule nilikuwa nimeshaacha kujiona mhandisi. Nilikuwa mtu wa kukata majani ya ng'ombe.

Kabla ya hapo nilikuwa na kazi. Mgodi mmoja wa dhahabu kanda ya ziwa ulinichukua miezi michache baada ya chuo, na kazi yangu ilikuwa kusoma mawe. Mashine ya kuchoronga ilitoa ardhini vipande virefu vya mwamba, vyembamba kama mkono wa mtoto, vikapangwa kwenye masanduku kufuata kina vilikotoka. Nilivimwagia maji, nikavitazama kwa lenzi, nikaandika: hapa mwamba umepasuka, hapa kuna mshipa, hapa ukuta wa shimo hautasimama. Niliipenda kazi ile mpaka nikaona haya. Siku za mapumziko wenzangu walikwenda mjini, mimi nilibaki na masanduku.

Kisha mama akapooza upande wa kulia. Niliomba likizo ya siku kumi na nne. Kwetu ni Marangu, juu ya barabara ya lami, kwenye kihamba cha migomba na kahawa alichotuachia baba. Kaka zangu wawili walikuja pia, wakakaa siku tatu. Siku ya tatu, tukiwa sebuleni, kaka mkubwa akaniambia:

"Wewe ndiye wa mwisho kuzaliwa. Taratibu zetu unazijua. Nyumba ya baba ni yako, na mama ni wako."

"Nina kazi, kaka."

"Sote tuna kazi."

Kesho yake wakarudi Dar es Salaam. Siku zangu kumi na nne zikaisha, nikaomba nyingine bila malipo, halafu nyingine.

Majirani waliniita Injinia. Waliniita kwa heshima, lakini nikiwa na mzigo wa majani kichwani neno lile lilinichoma. Vijana niliosoma nao shule ya msingi walipita wamebeba mizigo ya watalii kwenda geti la mlima, wakashuka baada ya siku tano au sita, wakapanda tena. Mimi nilizunguka kati ya zizi, jiko na kitanda cha mama. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha mtori kijiko kwa kijiko. Alipolala mchana nilikaa mlangoni na simu, nikiangalia picha za mwamba ambazo wenzangu wa mgodini walikuwa wakitumiana.

Asubuhi moja mvua ilipokatika nilipanda nyuma ya nyumba kukata ndizi. Huko juu baba alikuwa amepanda masale, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka, mstari mmoja ulionyooka ukikata mteremko. Sasa mstari ulikuwa umepinda kama upinde. Sehemu ya katikati ilikuwa imeshuka hatua nzima. Nilipofunua majani makavu ya migomba juu yake nikaukuta ufa. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko, na ndani nilisikia maji.

Nilikaa chini palepale kwenye tope. Mlango ule haukuwa na kosa lolote. Nyumba nzima ilikuwa inateremka taratibu kuelekea bondeni, na sisi ndani yake.

Nikakata vigingi viwili, nikakipigilia kimoja juu ya ufa na kingine chini, nikaanza kupima umbali kwa futi asubuhi na jioni. Ufa ulipanuka upana wa vidole viwili kwa siku. Jioni ya pili nikamweleza mama. Ulimi wake ulikuwa mzito, ila akili yake ilikuwa timamu.

"Mama, ardhi huko nyuma inatembea. Tuhame kidogo, mpaka mvua ziishe."

"Nihamie wapi, baba? Baba yako amelala pale juu. Aliniweka humu, nitatolewa humu nikiwa nimekufa."

Nikampigia kaka mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kila masika kuna nyufa," akasema. "Mtu hahami kihamba kwa sababu ya ufa. Au unatafuta njia ya kurudi mgodini?"

Nikakata simu bila kujua kama alikosea. Ni kweli kwamba nilipouona ufa ule moyo wangu ulishtuka, na ndani ya mshtuko kulikuwa na kitu kama furaha. Nikarudi kwenye vigingi nikapima tena, nikiogopa kwamba nilikuwa nasoma nilichotaka kusoma. Vilikuwa vidole viwili vilevile.

Juu ya kihamba chetu unapita mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na mababu. Kingo zake zilikuwa zimebomoka na maji yalivuja moja kwa moja kwenye ufa. Nikamfuata mzee anayesimamia mfongo, nikampeleka akaone.

"Nikiufunga, watu wa chini watanywesha nini mifugo?" akauliza.

"Siku nne tu, mzee."

"Nakupa mbili. Tena kwa sababu ni wewe, Injinia."

Siku zile mbili ufa ulipungua mwendo mpaka chini ya kidole kimoja. Siku ya tatu maji yakafunguliwa, na mvua ikashuka bila kupumua. Mchana huo nilikuwa nimesimama kwenye ufa, futi mkononi, simu ikaita. Ilikuwa ofisi ya mgodi. Jumatatu niwe kazini, la sivyo nafasi inapewa mtu mwingine.

"Nipe wiki moja," nikasema.

"Tumeshakupa nyingi, ndugu."

Nikatazama futi. Tangu asubuhi ufa ulikuwa umeongezeka kiganja kizima. Nikamwambia yule wa ofisini kwamba sitaweza, nikakata simu, nikashuka nyumbani.

Sikumuomba mama ruhusa. Nilimfunga mgongoni kwa khanga mbili, kama yeye alivyonibeba mimi, nikatoka naye mvuani. Ng'ambo ya barabara, kwenye mgongo wa mwamba, aliishi mjane rafiki yake, na nilijua pale hapatasogea. Mama alinipiga mabegani kwa mkono wake mzima njia nzima.

"Unanitoa kwa baba yako kama mzigo! Niache! Niache nifie kwangu!"

Nikamlaza kwenye kitanda cha mjane, nikarudi kuwatoa ng'ombe.

Siku mbili mama hakusema nami. Nilipomletea mtori aligeuza uso ukutani, akala kwa mkono wa rafiki yake. Nyumba yetu ilikuwa imesimama vilevile, na waliopita barabarani waliitazama, kisha wakanitazama mimi. Nilianza kuomba ianguke. Sijawahi kumwambia mtu yeyote hilo.

Ilianguka siku ya tatu, saa tano asubuhi. Kwanza migomba ilitikisika bila upepo. Halafu mteremko wote chini ya ufa ukashuka kwa sauti nzito, kama magunia mengi yanayomwagwa kwa pamoja. Ulichukua zizi, jiko na chumba cha mama. Sebule ilibaki imening'inia na picha ya baba ukutani. Kaburi lake, juu ya ufa, halikuguswa.

Mama aliisikia sauti akiwa kitandani. Nilipoingia akaniuliza, "Kitanda changu?"

"Kimekwenda, mama."

Alilia kidogo, kisha akanishika kidole kimoja, akakishikilia mpaka usingizi ukamchukua.

Kaka zangu walikuja kabla tope halijakauka. Walijenga vyumba viwili kwenye kipande cha juu nilichowaonyesha, penye udongo mwembamba na mwamba karibu. Siku ya kuweka bati kaka mkubwa alinishika bega mbele ya mafundi.

"Sasa tumeelewa kwa nini Mungu alikurudisha nyumbani," akasema. "Mama bila wewe tungekuwa tumemzika."

Alisema kwa upendo, macho yakiwa na machozi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama nimeugeukia ukuta. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri kuliko siku yoyote ile, na kwa kuifanya nilikuwa nimejifungia mlango. Nani angeniruhusu kuondoka tena?

Siku hizi watu huniita nikawaangalizie miteremko yao. Naenda na futi na vigingi, ila lazima niwe nimerudi kabla ya saa nane, kwa sababu saa nane mama hugeuzwa. Matangazo ya kazi za migodini bado nayasoma. Mara mbili nimeandika barua za maombi, na mara zote mbili nimezifuta.

Mwezi uliopita mama aliniambia ghafla, "Nenda, baba. Umri unakupita."

"Nani atakugeuza?"

Alinyoosha mkono wake mzima, akafungulia redio. Tukabaki tukiisikiliza, ikisoma matangazo ya vifo.