Maziwa ya Nazi Pale Lanet

Zeddy Owino alikuwa mtu wa Pwani kuanzia asubuhi alipovaa kofia hadi jioni alipoivua. Muda uliobaki alikuwa Mjaluo wa Nakuru, mzaliwa wa nyumba za reli, na Jumapili alikuwa Zedekia mwana wa Mama Zedekia, akiimba sauti ya tatu kanisani, kofia ikiwa kwa mfuko wa nyuma kama kitu cha wizi.

Hoteli aliyopikia iliitwa Bahari Yetu. Ilikuwa Lanet, kando ya barabara ya Nairobi, ikitazamana na zile nyumba mpya za ghorofa ambazo hupata wapangaji kabla ya kupata maji. Bahari yenyewe ilikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kama barabara ina huruma. Maji mengi yaliyokuwa karibu ni Ziwa Nakuru, ambalo miaka hii limekuwa likipanda na kumeza nyumba za watu, lakini hata hilo lilikuwa halijafika Lanet. Hayo hayakumsumbua Mbugua, mwenye hoteli. Mbugua alikuwa mtoto wa wakulima wa viazi wa Molo. Alienda fungate Diani na mkewe Lynn, na ile homa ya Pwani aliyorudi nayo haijamtoka hadi leo.

Siku Zeddy alipokwenda kuomba kazi, Mbugua alimuuliza swali moja tu.

"Wewe unatoka wapi?"

Zeddy alikuwa amepika chapati na maharagwe katika kibanda cha mjini tangu aache shule. Aliangalia ukutani, akaona mchoraji anamalizia mnazi, akaelewa jibu linalotakiwa.

"Changamwe, boss."

"Nilijua. Na Zeddy ni kifupi cha Zaid, sindio?"

"Sindio."

Hivyo ndivyo mtu anavyohama kabila siku hizi, bila hata kupanda gari. Mbugua alimnunulia kofia ya nyuzi na kanzu mbili, na akamkataza kunyoa ndevu. Zeddy akaongeza "yakhe" mwanzoni mwa sentensi na "lo" mwishoni. Kwa watu wa Lanet, ambao Kiswahili chao huazima ngeli yoyote iliyo karibu, hiyo ilitosha kabisa.

Kazi yake haikuwa kupika tu. Kwenye ukuta mkubwa Mbugua alikuwa amechorewa ramani ya ule uliokuwa Mkoa wa Pwani, na wateja wakishatulia Zeddy alitakiwa kutoka jikoni na kijiti na kuwahadithia. Mchoraji, kijana mmoja wa Rongai, alianza na mnazi, akaunogesha mpaka nafasi ikaisha, kwa hiyo Lamu ilibidi ishushwe chini karibu na Vanga, mpakani na Tanzania. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

"Yakhe, huu ndio Mkoa wa Pwani kabla ya serikali kuukata vipande sita," Zeddy angeanza. "Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu, na Taita Taveta kule kwenye milima. Huyu Fort Jesus alijengwa na Mreno. Mwarabu wa Omani akaja akamzingira humo ndani karibu miaka mitatu, mpaka Mreno akala panya. Baadaye ukanda wote wa maili kumi kutoka majini ukawa wa Sultani wa Unguja, Mwingereza anakodi tu kama nyinyi hapo ghorofani. Mpaka siku ya uhuru, bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa juu ya hiyo ngome. Na hapa, Kilindini, ndipo reli ilianza kuja huku kwetu. Lo."

Mambo hayo hakuyasoma popote. Aliyapata kwa babu yake, mzee Odongo, aliyekuwa gadi wa treni za mizigo enzi za gari la moshi. Babu alikuwa na desturi ya kutaja stesheni kama mtu anayesali: Mazeras, Mariakani, Voi, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud, hadi Naivasha, Gilgil, Nakuru. Zeddy alizikariri akiwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya reli, na ahadi ilikuwa kwamba akimaliza darasa la nane babu atampeleka akaone bahari. Alipomaliza, babu alikuwa hajiwezi na treni ya abiria ilikuwa imebaki jina. Ile reli mpya iliyotoka Mombasa kwa fahari ikafika karibu na Suswa, ikaishia kwenye nyasi kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Zeddy mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka Athi River. Kila mchana alipeleka Lanet nzima Mombasa kwa kijiti, kisha akarudi kugeuza samaki.

Halafu akaja Kadzo kuosha vyombo.

Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetoka Karagita, kule Naivasha, alikofanya kazi katika mashamba ya maua mpaka mikono ikakataa. Dawa zilikuwa zimempasua vidole, na nyufa zile hazikuwahi kufunga. Mbugua alimwita Mama Karagita na akaamua mwenyewe kuwa ni Mluhya. Hakumuuliza, na Kadzo, ambaye jina lake la kanisani lilikuwa Mercy, hakuona sababu ya kumtolea mtu ukoo wake akiwa ameshika sufuria.

Siku ya kwanza alimsikiliza Zeddy akihadithia ramani, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya sabuni. Alipoingia jikoni, Zeddy akachukua kopo la dukani, akalitikisa, akammiminia samaki.

"Hicho nini wamtia?" Kadzo akauliza.

"Maziwa ya nazi, mathe. Siri ya Pwani hiyo."

Kadzo akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

"Maziwa hutoka kwa ng'ombe, kaka. Nazi ina tui." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Changamwe watoka sehemu gani?"

"Karibu na stesheni."

"Stesheni ipi?"

"Ya treni."

"Aha. Wewe ni wa Changamwe ya hapa hapa Nakuru. Usiogope, sisemi. Mimi ni wa Kaloleni. Babangu alikuwa mgema, nimekulia chini ya minazi. Lakini kwenye hiyo ramani yenu sijaona kwetu."

Zeddy akachungulia ukutani. Pale Kaloleni ilipopaswa kuwa, palisimama shina la mnazi.

Tangu siku hiyo Kadzo akawa anampikia kwa mdomo. Yeye kwenye sinki, Zeddy kwenye moto. Punguza. Funika. Hilo ni tui zito, ni la mwisho, usilichemshe likakatika. Siku moja alisema kopo limemchosha, kesho yake atakuja na mbuzi wake. Zeddy alifikiri ni nyama, akaacha nafasi kwenye friji. Kesho yake Kadzo akafungua leso, akatoa kigoda kidogo chenye ulimi wa chuma wenye meno, akakikalia na kuanza kukuna nazi.

"Hii ndio mbuzi?"

"Ndiyo huyu. Na hali majani."

Chakula kikabadilika. Wanajeshi wa kambi ya pale Lanet walianza kuja na jamaa zao, na watu wa ghorofani wakawa wanaagiza hata siku ambazo hawana maji ya kunawa. Mbugua alizunguka meza akisema, "Nilisema mimi. Mtu wa Pwani ni mtu wa Pwani." Zeddy alipokea sifa kwa kuinamisha kofia. Kadzo alipokea sahani chafu.

Baada ya miezi kadhaa Mbugua akatangaza kwamba anafungua Bahari Yetu nyingine mjini na anahitaji mpishi wa pili. Kadzo alimngoja Zeddy amalize kukaanga.

"Kaka, nisemee kwa boss. Sitaki makuu. Nataka tu hii mikono itoke kwenye sabuni." Akamwonyesha. Kati ya kidole na kidole palikuwa pekundu kama nyama mbichi. "Usiku hata shuka siwezi kuvuta."

"Mathe, hiyo ni kitu ndogo. Nitakusemea."

Na kweli alimsemea, kwa sababu wakati wa kuahidi Zeddy alikuwa mtu mzuri sana. Mbugua akashangaa.

"Mama Karagita? Anapika Pwani?"

"Anajaribu, boss. Muonje."

Wakaonja mchana mmoja hoteli ilipotulia. Mbugua na Lynn waliketi chini ya ramani. Kadzo akaleta wali, samaki wa kupaka na mbaazi, akasimama kando, mikono nyuma. Walikula mpaka sahani zikawa nyeupe. Lynn alipangusa mchuzi wa mwisho kwa kidole, jambo ambalo hakulifanya hata Diani.

"Mathe, umeweza," Mbugua akasema. "Sasa niambie kama mpishi. Hapa umeweka maziwa ya nazi kiasi gani?"

"Sikuweka maziwa, boss."

"Hukuweka?"

"Nazi haina maziwa. Nimeweka tui."

Mbugua akamtazama Lynn, Lynn akatazama ukuta. Juu ya ramani, kwa herufi za buluu kubwa kuliko Fort Jesus, paliandikwa WALI KWA MAZIWA YA NAZI, ASILI YA MOMBASA. Maneno hayo Zeddy ndiye aliyempa mchoraji, wiki yake ya kwanza.

"Na wewe kwenu ni wapi?" Lynn akauliza.

"Kaloleni. Kilifi."

"Lakini unaitwa Mercy. Nilikuona na Biblia."

"Kwetu twasali, madam. Makanisa yako huko tangu zamani."

Mbugua akatafuta Kaloleni kwenye ramani kuanzia juu hadi chini, akaikosa. Basi akageuka, akamwita mtaalamu wake.

"Zeddy. Wewe ndio mtu wa Mombasa hapa. Tui ni nini?"

Swali lilikuwa dogo. Jibu lake Zeddy alilijua kuliko alivyojua jina la barabara ya kwao. Alikuwa amelikamua kwa mikono yake asubuhi ile ile. Lakini akisema tui ndilo jina la Pwani, basi yale maandishi ya buluu yameandikwa na nani? Na aliyeyaandika ametoka Changamwe gani? Alihisi kofia imekaza. Kadzo alikuwa anamtazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeacha pesa zake kwa ndugu.

"Hiyo ni maneno ya huko ndani ndani, boss," Zeddy akasema. "Vijijini. Sisi wa mjini tunasema maziwa ya nazi."

"Nilijua." Mbugua akaegemea kiti, roho imetulia. "Mathe, usikasirike. Umepika vizuri, vizuri kabisa. Lakini hii ni chakula ya kwenu. Mimi nauza Pwani."

Kadzo akakusanya sahani. Alipofika jikoni aliziosha zote, na sufuria aliyopikia pia, polepole, kila mara akitoa mkono majini na kuupuliza. Zeddy alisimama karibu na friji akijifanya anatafuta kitunguu.

"Mathe, nielewe. Ningesema, tungefukuzwa wote wawili."

"Nimekuelewa." Alikausha mbuzi wake, akamfunga kwenye leso. "Nilidhani mtu hukana kitu kwa kutokijua. Kumbe mtu aweza kujua na bado akafanya hivyo."

"Nitaongea na boss tena, aki."

"Mwambie nini? Mombasa ni wewe."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka barabara kwenda stejini. Pengine alirudi Karagita. Pengine alikwenda moja kwa moja hadi Nairobi na kushuka na ile njia yote, Makindu, Mtito Andei, Voi, Mariakani, kisha akakata kuelekea kwao. Zeddy aliijua kila stesheni ya njia hiyo. Hakutoka hata nje kuona amepanda gari la upande gani.

Haikupita muda, mwanajeshi mmoja mzaliwa wa Mombasa akahamishiwa kambi ya Lanet. Alikula, akasoma ukuta, akamwita Mbugua na kumwambia kwa upole kwamba kwao hiyo huitwa tui. Mbugua alifurahi kama mtu aliyepewa shamba. Akamwita mchoraji wa Rongai, maandishi yakafutwa, yakaandikwa WALI WA TUI, ASILI KABISA. Neno la kijijini likawa la mjini mchana mmoja. Lamu ilibaki chini kule kule. Na mnazi ulibaki pale uliposimama.

Zeddy hakuulizwa chochote. Mbugua alijipa jibu mwenyewe, kwamba kijana alikuwa anaficha siri ya kazi, akamfanya mkuu wa hoteli zote mbili. Mpishi wa pili alitoka Subukia, akapewa kofia na kuambiwa kwao ni Malindi.

Juzi mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi aliingia na wenzake. Walipomaliza kusikiliza habari za Mreno na panya, mzee akachota wali na kuuliza, "Kijana, na hii mmeitia maziwa ya nazi?"

Zeddy akaweka kofia upande kidogo.

"Maziwa hutoka kwa ng'ombe, mzee wangu," akasema. "Nazi ina tui."

Meza nzima ikacheka. Mzee akampiga begani, akawaambia wenzake hivi ndivyo mtu wa Pwani anavyoongea, huwezi kumdanganya na chakula yake. Zeddy akainama, akasema "lo", akarudi jikoni. Kwenye sinki msichana mgeni alikuwa anajikuna kati ya vidole. Zeddy hakumuuliza. Alifungua kabati, akachukua kopo, akalitikisa, akaanza kutafuta kisu cha kulitobolea.