Nahodha wa Mzee Sefu

Nyumbani kwa Mzee Sefu, pale Kindu, watoto walijua jina la babu wa baba yao kabla hawajajua kusoma. Aliitwa Sumaili, nahodha wa jahazi Mansuri, mtu wa pwani aliyefuata biashara ya pembe mpaka huku Maniema. Kwa jina hilo Mzee Sefu alikataa wachumba wa binti zake na kuchagua wa kuketi naye msikitini. Mkewe, Mukusu mwenyeji wa Kibombo, alimsikiliza akiendelea na kazi zake.

Mwaka 2002 vita viliuzingira mji. Njaa ilipozidi, mzee alivuka mto na binti yake Mwanahamisi kwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, katika shamba lao la Alunguli. Vijana wenye bunduki, waliokuwa wakiwasaka wageni, wakawasimamisha njiani.

“Ninyi watu wa wapi?”

Mwanahamisi aliwajibu kwa Kikusu cha mama yake, wakamwashiria apite. Akamvuta baba yake shati.

“Baba, sema kama mimi.”

“Sina cha kuficha,” akasema mzee. “Babu yangu alikuwa nahodha. Siye tulitoka baharini.”

“Basi rudi kwenye bahari yenu,” mmoja akamjibu. Wakampeleka ukingoni. Mwanahamisi alisikia risasi. Mwili haukuonekana tena.

Miaka ikapita. Ramazani, mwana wa Mwanahamisi, alipopata nafasi ya kusoma Unguja, mama yake alimsihi atafute habari za Mansuri katika nyaraka za zamani za bandari. Ikiwa baba yake aliuawa kwa neno lile, basi na liwe la kweli.

Mwaka jana Ramazani akapiga simu.

“Mama, Mansuri iko. Lakini nahodha njo mutu mwingine. Sumaili wameandika chini, kwa mabaharia. Mutumwa wa nahodha, muzaliwa wa Manyema, njo Maniema yetu.”

“Soma tena.”

Akasoma tena.

Neno la utumwa halikumuuma Mwanahamisi sana. Kilichomchoma ni lile la mwisho. Baba yake alikuwa mtu wa hapa, na angeweza kuwaambia wale vijana hivyo bila kusema uongo.

Kaka yake Masudi alimkataza kulitaja jambo hilo. “Niko na binti wa kuoza,” alisema. “Nani atataka uzao wa mutumwa?”

Lakini kwenye hitima ya kila mwaka ya baba yao Masudi akasimama, akaanza tena habari za nahodha. Mwanahamisi akasema kutoka upande wa wanawake, bila kupaza sauti:

“Hakuwa nahodha. Alikuwa mutumwa, na alizaliwa huku kwetu. Baba alikufa bure.”

Mwezi uleule posa ya binti wa Masudi ikarudishwa, na tangu hapo kaka huyo hupita mbele ya meza anayouzia dada yake mchele bila salamu. Mwanahamisi hajaomba radhi.

Alimwomba Ramazani kitu kimoja tu: kijiji alichozaliwa Sumaili, apate kwenda.

“Hawakuandika kijiji, mama,” akasema kijana. “Wameandika Manyema, basi.”