Fundi Kimya na Sketi ya Binti Yake

Wanawake wa mitaa mitatu walipanda ngazi ishirini na mbili hadi chumba cha kushonea kilichokuwa juu ya duka la vioo, wakiwapita mafundi wengine wanne njiani, kwa sababu moja tu: yule fundi wa juu alipokuzungushia futi kiunoni, hakusema kitu. Mafundi wengine walitaja namba kwa sauti ili msaidizi aandike, na benchi zima la wateja likasikia. Yeye aliandika mwenyewe kwenye daftari, mkono wa kushoto umefunika ukurasa kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Ukimletea gauni la mwaka juzi lililogoma kufunga zipu, hakuuliza limekuwaje.

"Kitambaa hiki hurudi kikifuliwa, dada yangu," alikuwa akisema, na Alhamisi ulilikuta linafunga.

Ndiyo maana walimwita Fundi Kimya. Ukimya huo ulianzia mbali. Alipokuwa na miaka kumi na minne, shangazi yake aliyemfundisha kushona alimpima mbele ya wateja, akapiga ukelele, "Jamani, huyu peke yake atamaliza jora!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Msichana alicheka nao, akaenda kulia nyuma ya marobota, na huko huko akala kiapo kwamba futi yake haitamwaibisha mtu.

Tatizo ni kwamba kiapo hicho alikwenda nacho nyumbani.

Mumewe alikuwa karani wa ghala la saruji. Siku ya harusi yao alikuwa mwembamba kama ufito. Sasa tumbo lilimtangulia kila mlango alioingia, lakini suti ya harusi aliivaa bado, na hakukosa mwaliko wowote wa kuionyesha.

"Miaka kumi na minane!" alikuwa akisema, akipiga vifungo vya koti. "Wenzangu wote wamefutuka, mimi nipo vilevile. Sisi kwetu ni damu, hatunenepi."

Majirani wakambandika jina la Bwana Harusi, naye akalipokea kama cheo. Mkewe alikuwa akitazama pembeni. Chini ya makwapa ya koti lile na nyuma ya suruali yake mlikuwa na vipande vya nyongeza ambavyo vilijulikana na watu wawili tu: yeye na pasi yake.

Binti yao mdogo, mwenye miaka kumi na minne na aliyebaki nyumbani peke yake baada ya kaka yake kwenda shule ya bweni, aliitwa Chiriku kwa vile mdomo wake haukujua likizo. Wakati wanakaa nyumba ya zamani alitembea nusu saa kwenda shule na nusu saa kurudi. Tangu wahamie jengo hilohilo la duka la vioo, shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mchana alinunua viazi vya kukaanga na soda kibandani, jioni alijilaza kwenye kochi na simu, na kati ya hapo alikuwa anakua kama wanavyokua wasichana wote. Sketi ya shule ikaanza kulalamika. Kila ilipolalamika, Jumamosi ya kufua, Fundi Kimya aliitoa kambani, akafumua mshono wa kiuno, akachukua kidogo katika kitambaa cha akiba alichokiacha ndani, akaushona upya na kuupiga pasi. Mara tatu kwa mwaka mmoja. Mtoto akavaa, akajizungusha, akaenda zake.

Ikaja wiki ya kupimwa afya shuleni. Nesi alipima wanafunzi mmoja mmoja nyuma ya pazia, kwa siri na heshima zote. Lakini pazia halizuii sauti ya Chiriku.

"Haiwezekani! Kilo tisa kwa mwaka? Nesi, mizani yako ni mbovu!"

"Shusha sauti, binti."

"Sketi yangu ni ileile ya mwaka jana! Mama yangu ni fundi, mimi najua vipimo! Hiyo mizani ipelekwe kwa fundi!"

Darasa zima lililopanga foleni likaangua kicheko, na baada ya dakika kumi mama mtu alipigiwa simu aje, kwa sababu mwanawe alikuwa amekataa kushuka kwenye mizani mpaka irekebishwe.

Fundi Kimya alivuka barabara akiwa bado na pini tatu kwenye kola. Njia nzima alipanga maneno ya kutetea jina la nyumba yake: kwamba wanawe hawakulelewa kubishana na wakubwa, kwamba mtoto ataomba radhi. Alipoingia kwenye chumba cha nesi, Chiriku alimrukia.

"Mama, umefika, waambie! Sketi hii si ndiyo ile uliyonishonea mwaka jana? Si inanitosha sawasawa?"

Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinyanyua macho kungoja jibu. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Fundi Kimya aliona njia mbili, na zote mbili zilimpitisha kwenye aibu ya mtoto wake. Akachagua ile aliyoizoea.

"Inakutosha," alisema.

"Umesikia, nesi?"

Nesi hakubishana. Alimwagiza mpishi wa shule alete mizani ya stoo, ile ya kupimia magunia ya mchele. Ikaja inakokotwa, ina vumbi la unga. Chiriku akapanda kwa mbwembwe kama anapanda jukwaani. Sindano ikacheza, ikatulia palepale ilipotulia ile ya kwanza. Mbwembwe zikamtoka moja kwa moja. Akashuka, akaitazama sketi, akamtazama mama yake, asielewe amsadiki nani.

"Kaningoje nje, mwanangu," nesi alimwambia kwa upole. Mlango ulipofungwa, alimgeukia mama. "Mwanao si mgonjwa. Anakua, na anatakiwa kukua. Ila uzito umepanda haraka kuliko urefu, basi tuzirekebishe tabia mapema. Msimpunguzie chakula, na msimwimbie habari ya kilo kila saa. Soda iwe siku moja moja. Maji, matunda, mboga nusu ya sahani. Ale nanyi mezani, alale mapema, atembee au acheze saa nzima kila siku. Na iwe nyumba nzima, siyo yeye peke yake kama mfungwa. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa."

Aliyaelewa yote. Lile la sketi aliondoka nalo.

Jioni ile Chiriku hakula. Alisema ameshiba. Kesho yake alikula nusu ya chungwa na kuigawanya hiyo nusu mara mbili. Siku ya tatu mezani paliwekwa wali, maharage na mboga ya majani, akavichorachora kwa kijiko bila kutia kinywani. Nyumba ambayo ilizoea kelele kama redio ikawa unasikia bomba la jikoni likidondosha maji.

"Mwache, hamu itamrudia," Bwana Harusi alisema huku akimimina kijiko cha nne cha sukari katika chai. "Sisi kwetu hatunenepi. Hiyo mizani yao tu."

"Baba, mizani mbili!"

"Basi zote mbili."

Fundi Kimya hakuwa na roho ya kucheka. Alikuwa amemwona mtoto akishikilia ukuta alipoinuka kitini. Kazini alishona mkono wa kulia mahali pa kushoto, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea tangu azaliwe mwanawe wa kwanza. Aliwaza: mtoto wangu anajinyima kwa sababu anadhani mwili wake umemgeuka ghafla kwa siku moja. Na aliyemfichia hizo siku nyingine zote ni mimi.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Asubuhi Chiriku alikuwa amesikia kwa rafiki zake kwamba ukikimbia na nguo nzito mafuta yanayeyuka kama siagi. Nguo nzito kuliko zote humo ndani ilikuwa ile suti. Baba yake akiwa anaoga, akalichomoa koti kabatini, akalivaa, akashuka kukimbia kuzunguka jengo. Mzunguko wa pili kizunguzungu kikamkalisha kwenye ngazi. Akalivua koti, akaligeuza ili ajipepee nalo, na jicho lake likaganda kwenye bitana.

Mtoto wa fundi hafundishwi kusoma mshono. Aliona kipande cha kwanza chini ya kwapa, cheusi kuliko kitambaa chenyewe. Aliona cha pili kimeungwa juu ya cha kwanza. Akapanda ngazi mbio kuliko alivyokimbia chini, akaifungua kabati, akaichukua suruali, kisha akaitoa kambani sketi yake mwenyewe na kuigeuza ndani nje. Mistari mitatu ya matundu ya sindano ilikuwa imejipanga kiunoni kama nyayo za sisimizi.

Aliwakuta wazazi wake mezani. Akavitandaza vyote vitatu juu ya mkate na chai.

"Mama. Hii nini?"

Bwana Harusi aliinama, akashika kipande cha kwapani kwa vidole viwili.

"Panya?" aliuliza.

"Panya hawashoni, baba."

Baba alihesabu vipande kwa midomo, kimoja, viwili, vinne, sita. Uso wake ulipita rangi zote.

"Mke wangu," alisema taratibu, "ina maana harusi zote zile... kwa bosi wangu... nimesimama kutoa hotuba juu ya damu ya ukoo wetu, na wewe umekaa pale unanitazama?"

"Nilikuwa natazama pembeni."

"Umenivisha kilemba cha ukoka miaka kumi na minane!"

"Kumi na sita, baba watoto. Miwili ya kwanza ilikutosha."

Chiriku alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na kulia kukashinda. "Mimi niligombana na nesi mbele ya shule nzima. Nilikuita uje unitetee, ukaja, ukasema inanitosha. Ulijua, Mama. Watu wote walijua isipokuwa mimi mwenye mwili."

Fundi Kimya alizivuta nguo zile, akazikunja moja baada ya nyingine, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Kisha akaziweka chini.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka usije ukasikia nilichosikia mimi nilipokuwa na umri wako. Nikafikiri nikinyamaza, nimekulinda. Niliogopa hata kusema mbele ya nesi, nikakuacha peke yako juu ya mizani ya magunia. Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Chiriku alifuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Basi niambie leo. Mimi ni mnene?"

Bwana Harusi alitikisa kichwa haraka kuashiria hapana, hapana, lakini mkewe hakumtazama. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa anaulizwa namba, na hakukuwa na daftari la kufunika.

"Umenenepa mwaka huu, ndiyo," alisema. "Kiuno kimeongezeka vidole vitatu. Na umerefuka vidole vinne, nimeshusha pindo mara mbili, hilo nalo sikukwambia. Huumwi. Nesi amesema usipunguziwe chakula, kwa kuwa bado unajengwa. Kilichoharibika ni tunavyokula na tunavyokaa, sisi wote. Baba yako ana vipande sita na wewe huna hata kimoja. Mimi magauni yangu yote nimeyatia lastiki, nikasema ndiyo mtindo."

"Lastiki?" baba akadakia. "Na wewe?"

"Na mimi."

Chiriku alimkazia mama yake macho, kama anayepima kitambaa kwa kukivuta pande mbili kuona kama kitachanika. Hakikuchanika. Akavuta kiti, akakata kipande cha mkate, akakiwekea yai.

"Kuna maziwa?" aliuliza.

Mama yake aliinuka kuyaleta, na alikaa jikoni muda mrefu kidogo kuliko maziwa yanavyohitaji.

Kuanzia wiki ile mambo yalibadilika, ingawa si bila vita. Soda ilitoka kwenye friji. Chiriku alianza kubeba chakula kutoka nyumbani, na kwa kuwa alikipika mwenyewe na mama yake jioni, alikisifia shuleni mpaka wenzake wakaomba kuonja. Sukari ya chai ilishushwa hadi kijiko kimoja, na Bwana Harusi akaomboleza siku tisa, akinusa kikombe chake kama mjane. Kila jioni, kazi zikiisha, watatu hao walishuka kutembea hadi daraja la reli na kurudi. Mara ya kwanza baba alisimama njiani mara nne kusoma mabango ya matangazo.

"Baba, hilo bango umelisoma jana."

"Nahakiki tahajia."

Majirani walinong'ona, kama kawaida ya majirani. Mmoja alimuuliza kwenye ngazi, "Bwana Harusi, mbona suti hatuioni?" Akajibu bila kupepesa, "Iko kwa fundi, inaambiwa ukweli." Jibu hilo lilizunguka jengo zima, na wala halikuiangusha nyumba yake. Watu walianza kumheshimu kwa kitu kingine zaidi ya kiuno.

Miezi mitatu ikapita. Chiriku alikuwa amejiunga na timu ya mpira wa wavu, na mdomo wake umerudi kazini kwa zamu mbili. Jioni moja aliingia na vumbi la uwanjani magotini, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono.

"Mama, acha kushona kidogo. Nipime, halafu useme kwa sauti."

Fundi Kimya alimpima. Baba aliweka kikombe chini.

"Kiuno ni kilekile," mama alisema. "Hakijapungua, hakijaongezeka. Urefu umeongeza kidole kimoja."

Chiriku alifikiri, akakunja uso kidogo, kisha akashusha mikono.

"Kile kidole kimoja ndicho kitakachonifikisha wavuni," alisema. "Leo tumepika nini? Maana nina njaa ya kufa."

Akaenda kunawa mikono, na kutoka bafuni walimsikia tayari ameanza kusimulia mechi kabla hajafunga bomba.