Siku platuni yangu ilipopita getini kwa mama yake Elibariki

Wakuu, heshima kwenu.

Vijana mnaonijazia inbox kuuliza uofisa wa jeshi unataka kifua cha upana gani, kaeni hapa kidogo. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Miaka ya tisini, enzi za ruksa. Tulikuwa kozi ya uofisa huku Arusha lakini akili zote ziko mjini. Tuliosoma nao walikuwa wanauza tanzanite na kubadilisha magari. Sisi tunabadilisha malengelenge.

Aliyechoka kuliko wote ni Elibariki, Mmeru wa Kikwe. Asubuhi moja tukifunga mabuti akaniambia, "Kaka, leo matembezi yanapita kwetu. Nikifika getini kwa mama, mimi nabaki."

Na siku hiyo kamanda wa platuni ni mimi, napimwa. Mtu akitoroka mikononi mwako, umefeli.

Njia nzima sikutulia. Nilimweka katikati, nikaona atachomokea migombani. Nikamhamishia mbele. Mara niko nyuma, mara niko mbele, mpaka mkufunzi akaniuliza kama nimekanyaga siafu. Niliogopa, wakuu, tena sana.

Tukafika. Mama alishasikia wimbo wetu, yuko getini.

"Eli, baba, mbona umekonda hivi?"

Nikasimamisha platuni. Mkufunzi akatazama saa yake, uso umekunjamana.

"Shikamoo mama!" wote kwa pamoja.

"Marahaba wanangu." Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa ya mgando. Akampa mwanawe. Mimi nimesogea karibu kabisa, tayari kumdaka mkanda.

Tulikuwa na njaa ya kufa mtu. Elibariki akakitazama kile kibuyu, akageuka, akampa aliyekuwa nyuma yake. Kikapita mkono kwa mkono hadi mtu wa mwisho. Kikarudi kwake kitupu.

Mama akakichungulia, akacheka huku anajifuta macho. "Basi huyu si wangu peke yangu tena. Nendeni naye."

Elibariki mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo. Tukapanda naye mpaka Maji ya Chai.

Alama za muda nilikatwa, sijutii. Kinachoniuma mpaka leo ni kingine: siku ile kamanda alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mlinzi wa mahabusu.

Haya, mliopita mafunzoni njooni mseme ukweli. Kwenye platuni yenu, nani alikuwa anakula wa mwisho?